Somo: Kumfundisha asiyeona kompyuta kwa NVDA ya bure

Wakuu, wengi bado wanadhani kompyuta ya asiyeona ni mashine maalumu ya kuagiza nje. Ni laptop hizihizi za Windows, ikiwekwa programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ya kulipia ipo, JAWS, na bei yake inauma. NVDA ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na ukiitumia unalihisi hilo.

Kwanza kabisa, chomoa mausi uifungie kabatini. Mwalimu mwenye mausi mkononi huishia kubofya yeye, mwanafunzi akabaki msikilizaji.

1. Ingia nvaccess.org, pakua. Wataomba mchango, unaweza kuruka.

2. Fungua faili. Utasikia muziki mfupi, kisha sauti inaanza kusema. Kuanzia hapo asiyeona anaweza kusakinisha mwenyewe: Tab kuhama, Space kuweka tiki ya kukubali masharti, Enter kuendelea. Mwache afanye, hata akichelewa.

3. Kwenye dirisha la kukaribisha, chagua mpangilio wa laptop na uweke tiki kwenye CapsLock. Usilipuuze hili. Amri karibu zote zinaanza na Insert, na laptop nyingi ndogo hazina Insert, au imefichwa chini ya Fn. Ukishaweka tiki, CapsLock inashika nafasi yake.

4. Sauti ya Kiswahili. Hapa ndipo watu wanakwama. Ukiiacha sauti ya Kiingereza, itasoma habari za Kiswahili kama mtalii aliyeshuka leo. Bonyeza Control+CapsLock+S, chagua eSpeak NG (mtambo wa sauti ulio ndani ya NVDA), Enter. Kisha Control+CapsLock+V, nenda kwenye orodha ya sauti, tafuta Swahili. Ni sauti ya kiroboti, kavu kabisa, ila maneno yanasikika na inavumilia kasi kubwa. Waliozoea huikimbiza hadi sisi wengine tunasikia kelele tu.

5. Mazoezi. CapsLock+1 hufanya kila kitufe kijitaje jina bila kutenda chochote, rudia kutoka. Siku ya kwanza fanyeni hilo tu, vidole vya shahada vikianzia kwenye vinundu vya F na J. Baada ya hapo: Control hunyamazisha, CapsLock+A husoma mfululizo. Kwenye tovuti, H huruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine, na K kutoka linki hadi linki.

MASWALI

Mwalimu, Tabora: Mkuu, mitihani ya zamani ninayo kwa PDF, lakini haisomi kitu.

Jibu: Hizo ni karatasi zilizopigwa picha, mwalimu, ndani hamna maandishi. Kwenye Windows 10 au 11, hakikisha ukurasa unaonekana kwenye skrini, bonyeza CapsLock+R, itajaribu kuyatambua maneno yaliyo kwenye picha. Lugha ya utambuzi iache Kiingereza, herufi ni zilezile. Ramani na michoro haiiwezi. Hapo umweleze kwa mdomo.

Mdau, Kisumu: Na nikiwa cyber? Mashine si yangu.

Jibu: Ukifungua faili lile la kusakinishia, kuna chaguo la kutengeneza nakala ya kubebeka. Iweke kwenye flashi, utembee na setingi zako. Muulize mwenye cyber kwanza, wengine wamefunga programu za nje.

Dada, Tanga: Kaka, mdogo wangu anaona vizuri, ila mkono unaofanya kazi ni mmoja. Control+Alt+Delete inamshinda.

Jibu: Huyo hahitaji NVDA, dada. Abonyeze Shift mara 5 mfululizo, akubali kwenye kidirisha kitakachotokea. Baada ya hapo anabonyeza Control, anaachia, Alt, anaachia, kisha Delete, na Windows inahesabu kama amezibonyeza pamoja. Haidai kusakinisha chochote. Mlio unaosikika anapobonyeza vitufe hivyo ukimkera, unazimwa kwenye setingi.