Somo: Galaxy Trucker, malori ya angani kwa mnaoanza

Wadau, salamu. Kama mnatafuta mchezo wa mezani wa watu 2 hadi 4 ambao hata aliyeshindwa huinuka akicheka, ushauri wangu ni Galaxy Trucker. Ulibuniwa na Vlaada Chvátil wa Jamhuri ya Cheki, ukatoka mwaka 2007 kupitia Czech Games Edition, na toleo jipya likafuata 2021. Kila mchezaji ni dereva wa lori la angani. Unajiundia chombo kwa vipande vya kadibodi, kisha unakisafirisha huku vimondo na maharamia wakikibomoa njiani.

Hakitafika kizima. Anayefundisha mchezo huu aliseme hilo mapema, kabla hata ya kufungua boksi, maana mgeni asipoambiwa hudhani chombo kimevunjika kwa sababu yeye hajui kucheza. Akijua kwamba kuvunjika ndiyo raha yenyewe, atacheka na wenzake.

Hatua ya 1: Meza

Mwage vipande vyote katikati ya meza vikiwa kifudifudi, vichanganywe. Kila mtu apewe ubao wake na chumba cha kuanzia cha rangi yake, kinachokaa katikati ya ubao. Basi.

Hatua ya 2: Kujenga

Hapa ndipo kwenye kazi, na ndipo pa kufundishia polepole. Wote mnajenga kwa wakati mmoja, hakuna zamu. Unachukua kipande kimoja kwa mkono mmoja, unakisogeza kwenye ubao wako ndipo unakifunua. Ukikipenda unakiweka, usipokipenda unakirudisha mezani kikiwa wazi, na mwingine anaruhusiwa kukibeba. Ukishashika kipande kinachofuata, kile cha mwanzo kimeshaungwa, hakitoki tena. Unaweza kuweka akiba vipande viwili pembeni, ila usipovitumia vitahesabiwa kama vilivyopotea.

Angalia kingo za kila kipande. Nyingine zina bomba moja, nyingine mawili, nyingine matatu, na nyingine ni laini. Moja hushikana na moja, mawili na mawili. Matatu hushikana na chochote chenye bomba. Laini hukaa kando ya laini tu. Mgeni akielewa aya hii ameelewa nusu ya mchezo.

Yaliyobaki:
- Injini zote zitazame nyuma, na nyuma yake pasiwe na kitu.
- Mbele ya mdomo wa mzinga pasiwe na kitu. Mzinga unaotazama mbele una nguvu 1. Unaotazama pembeni au nyuma ni nusu tu.
- Injini pacha na mizinga pacha hula betri kila vinapotumika. Ngao vilevile.
- Kila chumba hubeba wanaanga wawili. Wakiisha wote, safari yako imeishia hapo.

Saa ya mchanga ikiisha, mikono juu.

Hatua ya 3: Ukaguzi

Kila mtu akague chombo cha jirani yake, si chake. Macho ya mwenye chombo huruka kosa. Kipande kilichoungwa vibaya kinatolewa, na kikiwa ndicho kilichoshikilia vingine, navyo vinakwenda.

Hatua ya 4: Safari

Mwenye chombo kilicho mbele anafunua kadi moja baada ya nyingine. Usizieleze zote mwanzoni. Eleza kila kadi inapofika. Kuna sayari za kupakia mizigo, kuna vumbi la nyota linalokurudisha nyuma kwa kila kiungio (bomba) ulichoacha wazi, kuna wafanya magendo. Kadi ya anga tupu inahitaji injini, na asiye na nguvu yoyote ya injini anaachwa hapo hapo.

Vimondo ndivyo vinavyoinua watu kwenye viti. Dadu mbili zinarushwa kuonyesha kimondo kinapita mstari upi. Kidogo kikigonga ukingo uliofungwa kinadunda tu. Kikigonga kiungio kilicho wazi kinang'oa kipande, usipowasha ngao. Kikubwa hakijali ngao, dawa yake ni mzinga uliotazama upande kinakotokea. Namba 7 hutoka mara nyingi kuliko zote, wastani mara moja katika kila marusho 6, nayo ndiyo safu ya katikati. Ukiijenga safu hiyo kwa kipande kimoja tu kinachobeba bawa zima, kimondo kimoja kitaondoka na mzinga, betri na vyumba viwili kwa mpigo, na meza nzima itapiga kelele.

Hatua ya 5: Hesabu

Mizigo inauzwa kwa pesa za mchezo: nyekundu 4, njano 3, kijani 2, buluu 1. Safari ya kwanza hulipa 4, 3, 2, 1 kwa mpangilio wa kufika, na 2 kwa chombo chenye viungio wazi vichache kuliko vyote. Kila kipande kilichopotea unalipia 1. Kwa sheria ya mchezo, yeyote aliyebaki na angalau 1 ni mshindi. Mwenye nyingi ameshinda zaidi. Naipenda sana sheria hii.

Maswali ya wadau

*Swali: Rafiki yangu ni mzito wa kujenga, anakata tamaa. Nifanyeje?*
Safari ya kwanza weka saa ya mchanga kabatini. Wewe mzoefu ukimaliza, msubiri, usimhimize. Akishaona vyombo vyote vimerudi na matundu, safari ya pili ataitaka saa mwenyewe.

*Swali: Kuna faida gani kuongoza ikiwa maharamia humvamia wa mbele kwanza?*
Unachagua sayari kabla ya wenzako, na ukiwashinda maharamia zawadi ni yako, ingawa kuichukua kunakugharimu siku za safari, yaani unarudi nyuma. Ukizidiwa nguvu, wanakupiga kisha wanamgeukia anayefuata. Mwenye mizinga haba akae nyuma, aombe wa mbele amalize kazi.

*Swali: Kwa nini kadi ya mlipuko wa ugonjwa iliniulia watu wengi kuliko wote?*
Vyumba vyako vimegusana. Kila chumba chenye watu kilichoungana na kingine chenye watu hupoteza mmoja. Tenganisha vyumba kwa betri au ghala la mizigo.

*Swali: Tuko watano, boksi ni la wanne.*
Wa tano apewe kadi na dadu. Asome kila kadi kwa sauti na arushe dadu za vimondo, safari inayofuata mbadilishane. Mpeni anayejua kusoma kwa mbwembwe. Kimondo kinachotangazwa taratibu, safu kwa safu, kinatisha zaidi.