Kuanza kazi ya utunzi na uimbaji bila kampuni ya muziki

Kijana anayetunga na kuimba nyimbo zake mwenyewe huwa na haraka ya kuingia studio, nami ningemsihi aanze na daftari. Andika mashairi yote ya wimbo, tarehe uliyoutunga, na jina la kila mtu aliyekuchangia hata mstari mmoja. Kisha jirekodi kwa simu ukiimba na gitaa peke yake, ubeti kwa ubeti pamoja na kibwagizo, na ujitumie rekodi hiyo kwa barua pepe ili tarehe yake ibaki.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu kazi inapokamilika kutungwa, na haki zake za kiuchumi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Usajili si sharti la ulinzi huo, lakini sajili wimbo COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kwa kuwa siku ya mgogoro ushahidi wa maandishi ndio utakaokusemea. Wewe mwenyewe jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

Jambo linalowaumiza wengi ni kutojua kwamba wimbo mmoja una mali mbili: utunzi, yaani mashairi na mahadhi, na rekodi iliyofanywa studio. Wimbo wangu wa kwanza niliurekodi juu ya biti, yaani mdundo wa ala, iliyokwisha kuandaliwa, nikalipa, nikatoka na faili moja ya MP3 kwenye flashi, nikiwa na furaha isiyo kifani. Miezi minane baadaye, nilipotaka sauti yangu ipunguzwe mwangwi, niliambiwa kompyuta imefutwa kila kitu. Na biti ile ile nikaisikia ikichezwa kwenye daladala, mtu mwingine akiimba juu yake. Sikuwa na karatasi yoyote ya kudai.

Kwa hiyo, kabla ya kuvaa vipokea sauti, andikianeni ukurasa mmoja na prodyuza: nani katunga mashairi, nani katunga mahadhi, kila mmoja ana asilimia ngapi, rekodi ni ya nani, na kama biti ni yako peke yako au itauzwa kwa wengine. Wekeni saini mbele ya shahidi. Prodyuza mwenye heshima ya kazi yake hatakasirika, maana ukurasa huo unamlinda naye. Unapoondoka, chukua faili ya WAV, yaani rekodi kamili isiyobanwa kama MP3, ala tupu bila sauti ya kuimba, na kila ala katika faili yake, na uzihifadhi mahali pawili.

Unapousambaza wimbo kupitia wakala wa mtandaoni, hakikisha rekodi imepewa namba ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12, na uinakili katika daftari lile lile.

Yanayobaki ni jukwaa, na hapa sioni njia ya mkato. Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004, hutaka wanamuziki wanaopiga na kuimba moja kwa moja, hivyo aliyezoea kuimba juu ya rekodi hujifungia mlango mapema. Andaa nyimbo za nusu saa ukiwa na chombo kimoja tu, uzifanyie mazoezi umesimama, bila kutazama maneno kwenye simu. Ukialikwa, hata kama ni sherehe ya mtaani, fika mapema, na ukaze upya nyuzi za gitaa ukiwa hapo hapo jukwaani, kwa sababu joto la ukumbini huziharibia sauti uliyoipanga nyumbani.