SOMO: Kutembea Korongo la Isimila na kuangalia ndege

Habari zenu wadau. Swali la namna ya kutembelea Isimila, lile korongo la zana za mawe za kale karibu na Iringa, nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa moja kwa moja. Akiuliza mtu, mleteni huku.

1. Iringa mjini panda gari la Mafinga, mwambie konda akushushe Isimila. Ni kama kilomita 20.

2. Maji, kofia, viatu vya kufunga, darubini.

3. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji.

4. Wahi asubuhi. Jua likishakuwa kali ndege hujificha na mchanga unaunguza.

5. Ndani ya korongo. Hapa someni taratibu. Mnapokanyaga ni njia ya maji. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua inaweza kupiga huko juu wakati wewe uko juani, na maji yakashuka ghafla. Ukiona wingu zito upande wa vilima, toka, picha utapiga siku nyingine. Zile nguzo ndefu ni udongo uliochongwa na maji na upepo: usipande, usiegemee, zinamomonyoka. Na ukikuta tundu kwenye ukuta wa udongo, usisimame mbele yake. Keremkerem, ndege mla nyuki, huchimba humo na kutaga mwisho wa shimo. Kaa pembeni, mbali kidogo, utamwona anatua tawini na nyuki mdomoni, anampigapiga, anamsugua mkia mpaka sumu itoke, ndipo aingie. Ukimzibia njia atabaki pale tawini na makinda yana njaa.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Mkuu, tutafika saa saba mchana na watoto. Ndege tutawaona?

Jibu: Hatua ya 4.

Kijana wa Kihesa: Naweza kuondoka na kajiwe kamoja ka ukumbusho?

Jibu: Hapana. Yale mawe ni mashoka ya mkono ya watu wa kale, na jiwe likishatoka mahali pake halina tena cha kumweleza mtafiti. Usiniulize kuhusu "kadogo tu".

Dada wa Tukuyu: Samahani kaka, kama ni ya kale hivyo, mbona yako juujuu?

Jibu: Asante sana dada, hili ndilo swali. Yalifukiwa na tope na mchanga, kisha maji yaliyochimba korongo yakayafukua. Wataalamu walichimba pale 1957 na 1958, wakapata pia mifupa ya kiboko wa kale ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Ukimaliza kwenye mawe, sikiliza pimbi, wale wanyama wadogo wa maweni. Wakipiga kelele ghafla tazama angani, maana tai huwawinda.

Dada wa Tukuyu: Nimefurahi! Kuna pengine pa ndege huku kwetu Mbeya?

Mdau wa Matamba: Njoo hifadhi ya Kitulo, dada. Msimu wa mvua maua yamejaa, na tandawala, yule ndege mkubwa, unamwona akitembea nyasini.

Jibu: Namuunga mkono. Ila kule ni zaidi ya mita 2,500, beba koti zito. Barabara ya kupanda kutoka Chimala ina kona kali, kwa hiyo ikinyesha muulize dereva kwanza kama kunapitika.

Mdau wa Makambako: Basi tukilala Iringa tuamkie Isimila?

Jibu: Hapo sawa, ndugu yangu. Jioni wapeleke watoto kwenye mwamba wa Gangilonga, pimbi wako pale pale mjini, wazoee kutazama kimya kabla ya korongo.