Kuhamia China kwa mwenzako Mchina: hatua kwa hatua, kutoka shahada ya ndoa hadi kibali

Niliolewa Tanga, nikahamia Jinhua, mkoa wa Zhejiang, nyumbani kwa wazazi wa mume wangu. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua zaidi Yiwu, ambayo iko huku huku kwetu. Tangu nihamie, hauishi mwezi bila dada au kaka kuniuliza aanzie wapi. Nimechoka kujibu vipande vipande, basi haya hapa yote.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kibali utakachoishi nacho kinaning'inia kwenye ndoa. Ndoa ikivunjika, msingi wake umevunjika pia. Kwa hiyo kila hatua nitakuonyesha kinachokuingiza nchini, na pale ninapoweza, kinachokufanya usimame kwa miguu yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Karatasi za nyumbani

Kama mmefunga ndoa Tanzania, hakikisha mkononi una shahada ya ndoa ya serikali. Karatasi ya msikitini au kanisani peke yake haitakufikisha. Kumbuka pia kwamba sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kwa hesabu za harusi ya wiki ijayo. Mimi shahada yangu niliipitisha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Ubalozi wa China Dar es Salaam, kwa mpangilio huo huo. Fanya nakala nyingi, na ya asili usimwachie mtu.

Ndoa iliyofungwa nje China inaitambua, hamna haja ya kufunga tena kule. Ila mwenzako aende polisi kwao abadilishe hali yake kwenye hukou, yaani daftari la kaya, lisomeke kwamba ana ndoa. Wengi hulisahau hilo, na daftari likiendelea kusema hajaoa mtasumbuana na kila dirisha. Mkiamua kufungia China, mtakwenda ofisi ya mambo ya kiraia. Mwanamume awe ametimiza miaka 22 na mwanamke 20, na wewe uwe na uthibitisho kwamba huna ndoa nyingine. Mtapewa vijitabu viwili vyekundu, kila mtu chake. Chako kikae nawe. Mama mkwe akitaka kukutunzia kabatini kwake, mshukuru sana, ukiweke kwenye mkoba wako.

Sasa jina. Karatasi zako zitatafsiriwa, na jina lako litaandikwa kwa herufi za Kichina kwa kufuata sauti. Kila mfasiri ana masikio yake. Kwangu mimi shahada ilitafsiriwa mahali pamoja, cheti cha kuzaliwa mahali pengine. Dirishani mtumishi aliziweka karatasi mbili sambamba, akatembeza kidole herufi kwa herufi, akasimama kwenye ya tatu. Akamwuliza mume wangu: huyu na huyu ni mtu mmoja? Tukarudi kutafsiri upya, wiki mbili zikapotea. Chagueni jina la Kichina mara moja, liandike kwenye kikaratasi, na kila mfasiri apewe kikaratasi hicho hicho.

Hatua ya 2: Viza ya Q1, siyo Q2

Q2 ni ya kutembelea ndugu, mwisho siku 180. Anayehamia anaomba Q1. Utahitaji fomu, picha, pasipoti, shahada ya ndoa, barua ya mwaliko iliyoandikwa na mwenzako, na nakala ya kitambulisho chake. Kwenye barua aseme wazi: huyu ni mke wangu, anakuja kuishi nami, anwani ni hii. Hadithi ya mlivyokutana siyo ya humo.

Ukipewa viza utaona mahali pa muda wa kukaa pameandikwa 000. Usiogope. Nilipoiona nilidhani nimepewa siku sifuri, nikampigia mume wangu nalia. Maana yake ni kwamba ndani ya siku 30 tangu uingie lazima uombe kibali cha kuishi, na muda wako utatoka huko.

Hatua ya 3: Saa 24 za kwanza

Ukilala hoteli, hoteli inakuandikisha. Ukilala nyumbani kwa watu, unajiandikisha mwenyewe kituo cha polisi cha mtaa, paichusuo, ndani ya saa 24. Miji mingine inaruhusu kufanya hivyo kwa simu, lakini mara ya kwanza nendeni kwa miguu. Bebeni pasipoti, kitambulisho cha mwenzako, daftari la kaya, na hati ya nyumba au mkataba wa kupanga. Kama nyumba ni ya baba mkwe, yeye au hati yake iwepo.

Sisi tulifika jioni. Shangazi wote walikuwa mezani, bata kapikwa, nani ataanza kuzungumzia polisi? Kesho yake tukalala, tukaenda siku ya tatu. Askari alitusomea sheria, akatuonya, akatuachia. Angeweza kututoza faini hadi yuan 2,000. Karatasi atakayokupa ina muhuri mwekundu. Itunze, bila hiyo hatua inayofuata haianzi. Na kila ukihama nyumba unajiandikisha upya.

Hatua ya 4: Kibali cha kuishi, kabla ya siku ya 30

Anza na vipimo vya afya kwenye kituo cha afya ya wasafiri. Nenda asubuhi bila kula, maana watatoa damu, watapiga eksirei na kupima moyo. Majibu yakitoka, chukua pasipoti, karatasi ya polisi, shahada yenye tafsiri, picha na mwenzako, mwende idara ya uhamiaji ya polisi. Mwenzako aje mwenyewe. Kuna fomu anayotakiwa kutia sahihi.

Wanaweza kukaa na pasipoti yako hadi siku 15, na wewe unabaki na risiti. Ndani ya China risiti hiyo inakusaidia, lakini huwezi kutoka nchini nayo, basi usipange safari. Ada ni yuan 400 kwa kibali cha chini ya mwaka, 800 kwa mwaka mmoja hadi chini ya mitatu, na 1,000 kwa mitatu hadi mitano. Ukichelewa, kila siku ya kukaa bila kibali ni yuan 500, hadi 10,000.

Hatua ya 5: Namba yako, pesa yako

Mume atakwambia, "Tumia laini yangu ya pili." Kataa kwa upole. Laini isajiliwe kwa pasipoti yako, kwa sababu benki italinganisha namba ya simu na jina, na WeChat na Alipay, programu za simu za kulipia, zitalinganisha na benki. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, nafasi kwa nafasi. Sisi wenye majina matatu ndipo tunapokwama: benki ikiyaunganisha na kampuni ya simu ikiyatenganisha, programu inasema wewe siye wewe. Kabla hujaondoka kaunta, soma walichoandika.

Na WhatsApp haifunguki huku bila VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao. Ipakue na uijaribu ukiwa bado Tanzania, umfundishe na mama kutumia WeChat.

Hatua ya 6: Nyumba ya wakwe

Salamu utaziweza kuliko wageni wengine. Wao nao hawamwiti mkubwa kwa jina. Ndugu wa kiume wa mama ni jiujiu, wa kike wa baba ni gugu, yaani mjomba na shangazi kabisa. Unamtaja mtu kwa cheo chake kabla hajakaa, kama unavyowahi shikamoo.

Chakula kiongeleeni kabla ya kuhama. Jinhua inasifika China nzima kwa paja la nguruwe la kukausha. Mume wangu alisilimu kabla ya nikaha. Mama yake hakusilimu, wala sufuria yake. Nilinunua sufuria yangu, nikaifunga kitambaa chekundu mpini, na hadi leo haijaguswa na mtu. Ukiwa mjini tafuta maandishi ya qingzhen, ndiyo halali, hasa kwenye vijiduka vya tambi za Lanzhou. Sokoni matembele yapo, mchicha mwekundu upo, bamia ipo. Unga wa mahindi ni wa njano, na ugali wake unanata kidogo, lakini unashiba.

Usidanganywe na ramani ukadhani kusini kuna joto. Mabomba ya kupasha nyumba ni ya kaskazini. Huku Januari tunakaa sebuleni na makoti.

Hatua ya 7: Kazi, na kuongeza muda

Kibali cha familia hakikuruhusu kufanya kazi. Hata kufundisha Kiingereza watoto wa jirani kwa malipo ni kosa: faini yuan 5,000 hadi 20,000, na unaweza kuwekwa ndani. Ukipata mwajiri, akutafutie kibali cha kazi kwanza. Mwaka wa kwanza mimi niliutumia kusoma lugha, na sijutii, kwa sababu wa pili niliingia benki peke yangu.

Maombi ya kuongeza muda yawasilishwe siku 30 kabla kibali hakijaisha. Ukitaka ukaazi wa kudumu, hesabu yake ni miaka 5 ya ndoa na miaka 5 mfululizo ya kuishi China, si chini ya miezi 9 kila mwaka, pamoja na nyumba na kipato cha kueleweka. Anza leo kuandika tarehe zako za kutoka na kuingia kwenye daftari. Na ukishapewa kibali kipya, pitia tena paichusuo uandikishwe upya. Askari wangu siku hizi akiniona mlangoni ananyoosha mkono kuomba pasipoti kabla sijasalimia.