Nati ya habu: Land Cruiser haikazwi kama Corolla

Mteja akileta gari la zamani linalovuma upande mmoja, sifungui kitu. Naliendesha hadi Mugunga, magharibi mwa Goma, na kurudi, breki nazikanyaga kidogo iwezekanavyo, kisha naweka kiganja katikati ya gurudumu, penye habu inayobeba beringi, moja baada ya jingine. Lililo moto kuliko mwenzake ndilo naanza nalo. Diski usiiguse, utaacha ngozi.

Weka jiwe nyuma ya magurudumu yanayobaki chini (mawe ya volkano Goma hayajawahi kuadimika), nyanyua kwa jeki, tia na stendi. Shika tairi juu na chini, sukuma huku ukivuta. Likicheza, usikimbilie spana. Mwite kijana akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi au nati iliyolegea. Ukibaki, tafuta kwenye bolijointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu), au kwenye kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) kama ni Land Cruiser ya ekseli nzima, yaani ekseli moja inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Halafu zungusha tairi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika springi. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, beringi imekwisha, kukaza hakutaifufua.

Land Cruiser hiyo ina beringi mbili za koni kwenye kila habu ya mbele, na nati mbili zenye washa ya ulimi katikati (ulimi hukunjwa ili nati zisilegee). Soketi yake ni ya milimita 54. Wengi hapa hawana, wanapiga kwa tindo na nyundo, ndiyo maana nati nyingi ninazofungua zina pembe zilizotafunwa. Mimi kosa langu lilikuwa jingine. Nikiwa bado mwanafunzi wa garaji nilikaza kwa nguvu zangu zote, nikajisifu. Gari halikufika Sake, mji wa jirani: grisi iliyeyuka, ikatiririka kwenye rimu, na harufu yake naikumbuka mpaka leo. Siku hizi nakaza nati ya ndani huku nikizungusha habu ili rola za beringi zikae, nalegeza mpaka igeuke kwa vidole, kisha naikaza kidogo tu, mchezo uishe na habu izunguke kwa uzito mdogo. Washa, nati ya nje, halafu napima tena kabla ya kukunja ulimi, kwa sababu nati ya nje huisukuma ile ya ndani.

Corolla ni kinyume kabisa. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 inataka niutoni-mita 216 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na nati yake ni ya milimita 30. Tairi liwe chini, mtu akanyage breki. Kama huna spana ya kupimia, chukua bomba la mita 1, livike kwenye mpini wa soketi ncha yake ibaki mita 1 kutoka nati, lilaze sawasawa na ardhi, utundike kwenye ncha bidoni ya njano ya lita 20 iliyojaa maji. Ukijumlisha bidoni na uzito wa bomba, unakaribia kabisa. Nati ikisogea, ilikuwa imelegea. Na usilisukume gari hata hatua mbili nati ikiwa wazi, beringi itaumia.

Mwisho rudisha kikombe kinachofunika nati, na pini mpya ya kufungia. Mwaka huu nimeshatoa misumari mahali pa pini kwenye Corolla tatu, mmoja ulikuwa umekatikia ndani.