Kupima vigari visivyo na nguvu kwenye mlima wa Trento-Bondone

Kama unacheza Assetto Corsa, ule mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, achana kwanza na magari ya kishua, chukua kile ki-Fiat Abarth 595 SS cha zamani, kina gia 4 tu, ukakipandishe Trento-Bondone kule Italia, kilomita 17.3 za kona juu ya kona. Hapo ndo utajua gari.

Chagua kipengele cha mazoezi kwenye mchezo, hali ya hewa na joto usibadilishe kabisa, mafuta weka sawa kwa kila gari unalopima, na uzime msaada wa gia. Usiguse setapu, yaani mipangilio ya gari, unapima gari lilivyo. Panda mara 3 kila moja, ya kwanza ya kuzoea tu, haihesabiki, zinazobaki chukua iliyo bora.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye zile kona za kujikunja. Kigari dhaifu ukipiga breki sana mwendo umekufa, na kuurudisha mlimani ni shughuli, utakanyaga mafuta hadi mwisho na mshale hautasogea. Kwa hiyo achia mafuta mapema kidogo, breki iguse tu, ingia kwa upana, rudisha gia ya 2 kabla hujakata usukani, na ukiona tairi za mbele zinalia punguza usukani usiongeze. Sikiliza injini, ukiweka ya 3 ikaanza kuguna basi umewahi mno.

Muda andika, ila andika pia ni kona gani gari limekuishia pumzi, mi naona hiyo ndo inasema zaidi kuliko sekunde.