Maji ndani ya mlango wa gari: jinsi ya kulinda swichi, mota ya kioo, spika na waya zisife

Kabla hujakimbilia kununua silikoni ujue kitu kimoja kwanza, mlango wa gari unaingiza maji na ndivyo ulivyotengenezwa. Ile raba ndefu inayobana kioo kwa nje inapunguza tu, haizuii kila kitu, maana kioo lazima kipande na kushuka, kwa hiyo mvua ikipiga kioo maji yanateleza yanapenya kwenye raba yanashuka ndani ya bati mpaka chini kabisa ya mlango, halafu yanatokea kwenye vitundu vidogo vilivyoko ukingoni kwa chini. Hata gari mpya kabisa iko hivyo. Tatizo linaanza pale maji yanapokosa pa kutokea yakajaa humo ndani, au yanapovuka kuja upande wa kava, lile pambo la ndani ya mlango, ambako hayatakiwi kabisa.

Ndo maana mimi huwa nasisitiza watu waache kuziba ziba ovyo. Unakuta mtu kapaka silikoni kila mwanya aliouona, chini amefunga vitundu kabisa akidhani maji yanaingilia huko, miezi michache mbele mlango umeoza kwa kutu na mota ya kioo imekufa. Kazi yako ni mbili tu, maji yatoke haraka na yasivuke ile nailoni iliyoko nyuma ya kava.

Mlango una pande mbili. Upande wa bati la nje ndo upande wa maji, huko ndani kuna mashine ya kioo na mota yake, kitasa na mota ya sentro loki, na mgongo wa spika. Vitu hivi vimetengenezwa kuvumilia kurushiwa maji, plagi zake nyingi zina kiraba ndani, ila havijatengenezwa kukaa vimezama. Upande wa pili ni wa kava, huko kuna swichi za vioo, swichi ya kurekebisha saiti mira, taa ya mlango, na kwenye gari nyingine kuna kabisa kompyuta ndogo ya mlango. Huku kunatakiwa kuwa kukavu muda wote. Kinachotenganisha hizo pande mbili ni hiyo nailoni, gari nyingine inakuwa sponji nyembamba badala ya nailoni, kazi ni ileile.

Dalili za maji kuvuka au kujaa zinajulikana. Kioo kinapanda kwa kusuasua siku ikinyesha halafu jua likiwaka kinarudi sawa, loki zinajifunga na kujifungua zenyewe, spika inakoroma, kapeti karibu na mlango inakuwa mbichi, asubuhi vioo vimejaa ukungu kwa ndani. Na ukifunga mlango ukasikia maji yanacheza humo ndani basi hiyo usisubiri, vitundu vimeziba.

Kwa hiyo anza na vitundu, na hii haihitaji hata kufungua kava. Fungua mlango, chuchumaa, angalia ukingo wa chini kwa upande wa ndani, utaona matundu madogo mawili matatu, mengine yamefichwa na kiraba kama ulimi. Hicho kiraba usikitoe, kipo ili maji yatoke bila vumbi na matope kuingia kwa urahisi. Chukua tai ya plastiki ya kufungia waya uchokonoe taratibu, usitumie bisibisi wala waya wa chuma maana ukikwangua rangi pale unakaribisha kutu, na kutu ndo itaziba tundu tena. Yanayotoka huko mara nyingi ni majani yaliyooza, mchanga, na mabonge ya nta iliyowekwa kiwandani kuzuia kutu. Ukimaliza chukua chupa ya maji umwagie taratibu juu ya kioo pale kinapoingia kwenye mlango, uangalie chini. Maji yanatakiwa yaanze kutoka muda mfupi tu baadaye na yatoke kwenye kila tundu, tundu moja likiwa kavu rudi ulichokonoe tena. Gari ikitoka kupigwa rangi au kunyooshwa bodi rudia kipimo hiki, maana rangi na gundi ya kuzibia maungio ya bodi huwa vinaziba hivyo vitundu na hakuna mtu anakwambia. Hivyohivyo kwa wanaoweka zile karatasi nzito za kupunguza kelele ndani ya mlango, ziishie juu kidogo ya chini kabisa, zisilale kwenye njia ya maji.

Sasa kufungua kava. Pandisha kioo juu, zima gari, toa funguo, chomoa terminali ya hasi kwenye betri. Kama gari ina eabegi za pembeni, ile mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa waya wowote, maana mfumo wa eabegi unabaki na umeme kidogo hata betri ikichomolewa. Na hapa sikiliza vizuri, baadhi ya gari zina sensa ya ajali ndani ya mlango ambayo inasoma hewa inavyogandamizwa ghafla bati likibonyea, kwa hiyo usitoboe matundu mapya kwenye bati la ndani na usiache nailoni imechanika, mbali na maji hata hiyo sensa inaweza isisome sawa. Kama redio yako huwa inadai namba ya siri baada ya betri kuchomolewa hakikisha unayo kabla.

Skrubu za kava huwa zimejificha, moja nyuma ya mkono wa kufungulia mlango, nyingine ndani ya sehemu ya kushikia, zinafunikwa na vifuniko vidogo. Ukishazitoa zote ingiza kipande cha plastiki bapa uanzie chini uachie klipu moja moja, halafu inua kava kwenda juu ndo itoke. Usiivute kwa nguvu ikaachia ghafla, waya za swichi zimening'inia nyuma na plagi zake zina kikufuli kidogo cha kubonyeza kwanza. Klipu chache zitavunjika, ni kawaida, nunua za ziada mapema.

Ukiona nailoni imeshikwa na gundi nyeusi laini inayovutika, hiyo ni butili, na ni kitu kizuri sana. Ipashe joto kidogo kwa drai ya nywele halafu ipitishe wembe taratibu kati ya bati na gundi, uikate, usivute nailoni. Angalia gundi isiguse siti maana haitoki kirahisi. Ukikuta mtu alishapita hapo kabla yako akaichana au akaitupa kabisa, na hii inatokea sana gari iliyowahi kuwekewa spika au kubadilishwa mashine ya kioo, basi umeshajua maji yanakotokea.

Mchaniko mdogo unazibika kwa tepu pana isiyopitisha maji, bati na nailoni vikiwa safi na vikavu. Ikiwa imeisha kabisa kata mpya kwa nailoni nzito, ilaze ya zamani juu yake uchore matundu ya mkono, ya waya na ya klipu. Gundisha kwa butili mpya, inauzwa kama kamba iliyoviringishwa. Futa bati kwanza kwa spiriti, kisha zungusha butili mstari mmoja usiokatika, kwa sababu upenyo mdogo tu unatosha kupitisha maji, halafu kandamiza kwa kidole gumba pote. Solotepu ya kawaida itaachia joto likipanda, na silikoni nayo siipendi hapa, itashika vizuri lakini fundi wa kesho atalazimika kuichana nailoni nzima akitaka kufika kwenye mota.

Sehemu inayokosewa kuliko zote ni ukingo wa chini wa nailoni. Ukiangalia bati kwa makini utaona chini kuna mfereji au uwazi, na nailoni ya kiwandani inaingia humo, ncha yake inabaki ndani ya mlango upande wa maji. Matone yanayoteleza juu ya nailoni yakifika chini yanadondokea ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu. Sasa mtu akiileta ncha hiyo nje ya bati akaibandika kwa mbele kwa sababu inaonekana nadhifu, kila tone linashuka moja kwa moja nyuma ya kava, linalowesha spika na kapeti. Kwa macho nailoni ni nzima, gundi ipo, na bado maji yanaingia. Hakikisha ncha iko ndani.

Ukiwa hapo hapo geukia plagi. Chomoa moja moja uangalie pini kwa tochi. Pini nzuri inang'aa, iliyoanza kuliwa ina unga wa kijani au mweupe, na waya wake ukiuminya unakuta mgumu kama umejaa chumvi. Puliza dawa ya kusafishia kontakti, sugua kwa mswaki laini, acha ikauke kabisa. Kisha paka grisi ya umeme, ile ya silikoni, kidogo tu kwenye kiraba cha plagi na utando mwembamba kwenye pini. Hii grisi haipitishi umeme, ila usiogope, plagi ikiingia chuma kinakwanguana na chuma grisi inasogea pembeni, inayobaki ndo inazuia hewa na maji. Usiweke grisi ya bearingi, mafuta yake yanaweza kuvimbisha viraba. Na dawa ya kupuliza ya kufukuza maji inasaidia siku plagi ilipolowa lakini sio kinga ya muda mrefu, inakauka.

Kama kuna waya uliounganishwa kwa kusokota na kufungwa tepu, ukate uufanye upya. Tepu inalegea na gundi inayeyuka, maji yanaingia na kutambaa ndani ya waya, kutu inaenda mbali na pale ulipounganisha. Bana vizuri kwa kiungio au chomea risasi, halafu visha mpira wa kusinyaa wenye gundi kwa ndani, ukiupasha moto mpaka gundi itokeze pande zote mbili. Weka maungio juu, mbali na chini ya mlango, na kila waya unaoingia kwenye plagi au swichi uachie uning'inie kidogo kama tumbo kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondokee pale chini lisiingie kwenye plagi. Ikibidi kutumia silikoni popote karibu na umeme chagua isiyo na tindikali, ile inayonuka kama siki inakula shaba.

Usisahau bomba la raba linalopitisha waya kati ya mlango na bodi. Kagua ncha zake zote mbili zimekaa kwenye matundu yake, likunje kunje uone kama limepasuka. Likichomoka kwa upande wa bodi maji yanafuata waya mpaka ndani ya gari. Hapo pia waya huwa zinakatika kwa kufungua na kufunga mlango, kwa hiyo kama kioo kinafanya kazi kulingana na mlango ulivyokaa, tatizo linaweza lisiwe maji kabisa.

Spika za karatasi ndo zinateseka zaidi. Weka sponji mpya kati ya spika na bati, na nyuma yake juu weka kijipaa cha plastiki cha kukinga matone. Wanaotumia vikombe vya sponji vinavyofunika spika yote, kata sehemu ya chini, vinginevyo kikombe kinabeba maji na spika inakaa ndani yake.

Swichi zenyewe nyingi zinauawa kutokea juu, sio ndani. Kioo kilichoachwa wazi mvua ikanyesha, soda iliyomwagika, dawa ya kung'arisha dashbodi iliyopulizwa moja kwa moja juu ya vitufe. Pulizia kitambaa, usipulizie swichi. Na siku ya kuweka tinti, funika swichi na mstari wote wa ndani chini ya kioo kwa taulo nene, maana mafundi wanamwaga maji ya sabuni mengi sana na yote yanashuka humo. Pia ukiosha gari kwa mashine ya presha usielekeze mdomo wake kwenye raba ya kioo kwa karibu. Raba hiyo ikishakuwa ngumu na kupasuka badilisha tu, hakuna dawa ya kuirudisha.

Swichi ikishalowa usiibonyeze bonyeze kujaribu, umeme ukikutana na maji pini zinaliwa haraka sana. Chomoa betri, toa swichi, ifungue, safisha kwa alkoholi ya asilimia 90 kwenda juu, ikauke kabisa ndo urudishe.

Kabla ya kurudisha kava fanya kipimo cha mwisho. Mtu mmoja amwage maji kwa mpira bila presha juu ya kioo dakika tano hivi, wewe kaa ndani na tochi umulike nailoni, hasa kona za chini na pale waya zinapopita. Ukiona unyevunyevu popote kausha, pasha butili, kandamiza tena, rudia. Ikiwa kavu na chini maji yanatoka, chomeka plagi zote, rudisha betri, jaribu vioo, loki na saiti mira kabla hujabana chochote. Halafu ning'iniza kava kuanzia juu, piga klipu kwa kiganja kuzunguka, malizia na skrubu.